Andiko la Mwani

Watu wakiniuliza mjukuu wangu anafanya kazi gani, mwanzo nilikuwa nasema yuko Chuo Kikuu, halafu nanyamaza. Wenyewe wakidhani ni mwalimu, na mie sikuona haja ya kuwatoa dhana hiyo. Lakini nina jirani mlango wa pili, mwanamke mwenye kiherehere, jibu fupi halimtoshi. Siku moja tumekaa tunachambua mchele, akanishika.

"Anasomesha nini hasa?"

"Hasomeshi."

"Ni karani?"

"Si karani."

"Sasa Bi mkubwa, mtoto anafanya nini huko, anapangusa madirisha?"

Ikabidi nieleze. Nikamwambia kule chuoni wapo madaktari. Si wa sindano, wa vitabu. Kila mmoja ana jambo lake analotaka kulichungua: huyu mbu, huyu mikarafuu, yule maji ya visima. Kuchungua kunataka vyombo, kunataka gari, kunataka watu wa kwenda na kurudi. Serikali ya Muungano ina mfuko wake wa utafiti, uko Bara, na kila mwaka hutoa tangazo: mwenye lake aje aombe. Basi kuomba kwenyewe ndiko kwenye kazi. Karatasi za kujaza mpaka macho yaote sugu, masharti, saini za wakubwa, na siku ya mwisho ambayo ikipita kwa dakika moja mlango umefungwa. Madaktari wale wanamjua mbu, karatasi hawazijui. Mjukuu wangu ndiye anayetafuta matangazo, akiliona linalofaa anamwendea mwenyewe anamwambia hili lako hili, kisha anakaa naye mpaka ombi litimie. Wao ombi hilo wanaliita andiko.

Jirani akacheka mpaka mchele ukamwagika. "Kumbe kazi yake kuwaombea wasomi! Na digirii zao zote, kuomba hawajui?"

"Hawajui," nikamwambia. "Wewe unajua, ndiyo maana kila siku uko mlangoni kwangu na kikombe cha sukari."

Mie skuli niliishia darasa la nne. Kusoma nnasoma, polepole, na kuandika nnaandika kama hivi. Mjukuu amenisafishia herufi, maneno ameniachia yangu. Kwetu Matemwe. Mama yake alipofariki, yule mtoto alikuwa bado hajaanza skuli, nikamchukua mimi, na kilichomsomesha ni mwani. Nimefunga mbegu za mwani kwenye kamba miaka na miaka, nimeinama majini, mgongo juu, uso chini, chumvi imeingia kwenye nyufa za vidole mpaka nikawa siwezi kukamua limau. Daftari lake, viatu vyake, sare yake, vyote vimetoka humo. Magoti yalipokataa ndipo nikahamia Mjini kukaa naye, ghorofa ya pili ya nyumba ya zamani, Mji Mkongwe, ngazi zake zimesimama kama ukuta. Tunachukiana mimi nazo hadi leo.

Sasa nieleze ilivyokuwa.

Dawati lile la kuwasaidia watafiti lilikuwa jipya pale chuoni. Walimpa mjukuu wangu kwa majaribio, miaka miwili. Mwaka wa kwanza ukapita, wa pili ukaingia, na kila andiko alilolisaidia lilirudi na barua ya adabu inayoanza na "tunasikitika". Mkuu wake, bwana mmoja mrefu asiyependa maneno mengi, akamwita akamwambia kweupe: ukifika mwisho wa mwaka na hakuna andiko hata moja lililopita, dawati hili tunalikunja, wewe utakwenda masjala.

Masjala ni pale wanapoweka mafaili. Mtu hafi njaa masjala, mshahara ni ule ule. Lakini nilimwona mtoto alivyorudi nyumbani siku hiyo. Alikula, akaosha sahani yake na yangu, akakaa akiutazama ukuta. Alikuwa ameipata kazi ambayo mikono yake inaijua, kama mie nilivyoujua mwani, na sasa anaambiwa akabebe mafaili. Akanambia, "Bibi, wale watu watarudi kulekule. Kila mmoja atahangaika peke yake, tangazo litampita, utafiti wake utaoza kichwani."

Mie nikaona dawa ninayo. Kuna bwana mmoja mkubwa serikalini, mama yake tumekua pamoja Matemwe, tumechota maji kisima kimoja. Nikamwambia mjukuu: ninunulie halwa, ile nzuri yenye lozi, nende nikamsalimie yule mama.

Akaweka kijiko chini. "Halwa ya nini, Bibi?"

"Ya salamu."

"Miaka yote hii hukumpelekea salamu, umemkumbuka leo?"

Akanieleza kwamba kule Bara maandiko yanasomwa bila jina, anayetoa maksi hajui ni la nani wala limetoka wapi. "Hata ukimpelekea waziri sufuria zima la halwa, msomaji hajui ampe nani. Tena hata kama angejua, mie sitaki."

Nasema kweli, nilikasirika. Nilikuna nazi siku ile kana kwamba nazi ndiyo iliyonitukana. Lakini kabla sijamaliza kukuna hasira ikashuka, nikajikuta nashukuru. Mtoto niliyemlea kwa halali alikuwa ananifundisha mimi halali.

Likabaki andiko moja la mwisho kwa mwaka ule, na lilikuwa la mwani. Mwenyewe alikuwa daktari kijana, mtu wa kemia, mtoto wa Mjini hasa. Wazee wake walikuwa na mashamba ya mikarafuu enzi zao. Sasa wao ni watu wa mishahara kama watu wengine, na yeye amejenga kijumba chake Chukwani. Jambo lake lilikuwa hili: ule mwani mnene, wenye soko, unakufa. Maji yamekuwa ya moto. Mwani unageuka mweupe kama mfupa uliochemshwa, unalainika, unakatika, unakwenda na maji, na mwanamke aliyeupanda anabaki na kamba tupu. Daktari alitaka wanawake wenye mashamba wenyewe wapime joto la maji na hali ya mwani mwaka mzima, ili ijulikane ni wapi bado unaweza kuota. Niliposikia, nilitaka kumbusu kwenye kipaji cha uso. Miaka yote ile tulikuwa tunauona ukifa, hakuna aliyetuuliza.

Tangazo lilikuwa linafungwa Jumanne saa kumi jioni. Jumamosi walikuwa bado wana kazi, na jengo la chuo lilikuwa limezimwa umeme, mafundi wamefungua nyaya. Ikawa hawana pa kukaa ila kwetu.

Sasa, mwanamume asiye ndugu na msichana asiyeolewa hawakai chumba kimoja siku nzima, hata kama baina yao kuna kompyuta mbili. Daktari mwenyewe alilelewa. Alisimama chini ya ngazi akaita, "Hodi! Bibi yupo?" Nikaitika naam, nipo. Ndipo akavua viatu akapanda. "Shikamoo Bibi." "Marahaba mwanangu, karibu." Mlango tukauacha wazi, wao wakakaa mezani, mie nikakaa mkekani na ungo wangu wa mbaazi. Kazi yangu ilikuwa kuwepo tu. Niliwekwa pale kama kufuli, na kufuli halitarajiwi kuwa na masikio.

Mjukuu wangu ana desturi yake katika kazi hii. Andiko likikaribia kwisha, hulisoma lote kwa sauti, mwanzo mpaka mwisho, neno kwa neno. Anasema sentensi inayomkwama yeye mdomoni itamkwama msomaji machoni. Basi akaanza kusoma. Maneno makubwa yakanipita juu kama ndege ziendazo Ulaya, mie namenya mbaazi zangu. Tukafika kwenye ratiba ya kazi. Akasoma: "Kila Jumatatu, saa nne asubuhi, kwa muda wa mwaka mzima, kila mkulima atapima joto la maji na urefu wa mwani ndani ya shamba lake."

Nikasema, "Jumatatu ipi?"

Wakanigeukia wote wawili. Nadhani walikuwa wameshanisahau.

"Kila Jumatatu, Bibi," daktari akasema kwa upole. "Vipimo vinatakiwa viachane sawasawa, siku saba kwa siku saba."

"Watapima kwa kupiga mbizi?"

Akatabasamu tabasamu lile la mtu aliyesoma akizungumza na mtu ambaye hakusoma. "Bibi, mie nshakwenda Matemwe mara mbili. Saa nne bahari imekauka mpaka kule mbali kwenye mawimbi. Nimetembea kwa miguu yangu, maji hayakunifika magoti."

"Siku hizo mbili nani alizichagua?"

Akafikiri. "Niliwapigia simu. Wao ndio walionambia nije siku gani."

"Basi walikuchagulia bamvua, mwanangu. Mgeni haitwi maji mafu."

Nikaacha mbaazi nikamweleza. Bahari haijui Jumatatu. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, ndipo lipo bamvua: maji yanatoka mbali, mchana kati ya saa nne na saa sita mashamba yote yako wazi, na wanawake wanaingia siku tano, siku sita mfululizo, kufunga, kuvuna, kuangalia. Baada ya hapo ni maji mafu. Maji hayatoki ya kutoka, yanajivuta kidogo tu alfajiri na jioni. Ukienda saa nne asubuhi unakuta bahari imejaa, shamba liko chini huko, wewe utasimama ufukweni na kipimo chako kama mtu aliyekosa gari. Siku hizo wanawake wako majumbani wanasuka ukili wa mikeka. Kwetu mtoto anayajua haya kabla ya kujua alifu.

Niliposema hivyo nikamwona mjukuu wangu ameinamisha kichwa, na mie mwenyewe neno likanigeukia. Yeye ni wa Matemwe pia. Alitakiwa kujua. Lakini nilimpeleka Mjini mapema, kwa dada yangu, akasome, na akija likizo nilimkataza kuingia majini. Sikutaka awe na mikono kama yangu. Kila aliponiomba kunifuata shamba nilimfukuza akashike kitabu. Kosa lile la Jumatatu lilipopita mbele ya macho yake asilione, lilikuwa kosa lake nusu, na nusu langu.

Daktari bado alikuwa hajakubali. Si kwa ubishi mbaya, alikuwa anaogopa tu. Nikachukua simu, nikabonyeza sauti kubwa, nikampigia shoga yangu wa Matemwe, ambaye shamba lake na langu yalikuwa yanapakana.

"Ee! Bado u hai? Nilidhani ngazi zimekuua."

"N hai. Sikiliza. Jumatatu hii ijayo, saa nne asubuhi, nataka kuja kupima mwani shambani kwako."

Kicheko, kile chake cha kukohoa katikati. "Mji umekuharibu akili! Jumatatu si maji mafu? Utapima mwani au utapima mkojo wa pweza?"

"Kuna daktari hapa anataka mpime kila Jumatatu mwaka mzima."

"Mwambie atangulie yeye, sisi tutamshikia nguo."

Daktari ni mweupe, nikamwona rangi inapanda kutoka shingoni mpaka masikioni. Akasogea kwenye simu. "Bibi, shikamoo. Mie ndiye huyo daktari. Nakusikia."

"Marahaba mwanangu," shoga akasema, sauti imebadilika imekuwa ya msikitini. Halafu, kwangu, "Weye! Hunambii kama simu ina watu!"

Simu ilipokatika hakuna aliyecheka. Siku ile ndipo nilipojua kwamba katika andiko vitu vyote vimefungwa pamoja, kama mbegu katika kamba moja. Safari za gari, watu wa maabara, jedwali la kazi, vyote vilikuwa vimening'inia kwenye zile Jumatatu. Ukiigusa moja unagusa zote. Daktari akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Tuliache hivi hivi," akasema. "Wanaolisoma wako Bara, na wengi wao ni watu wa milimani huko. Jumatatu au bamvua, kwao yote sawa. Tukishapata tutarekebisha."

Nitasema kweli kwa sababu nimeshasema mengine. Nilitaka mjukuu akubali. Niliifikiria masjala, nikafikiria uso wake siku ile akiutazama ukuta, nikajilaumu kwa mdomo wangu. Kufuli lingekaa kimya andiko lingekwenda. Nilifungua kinywa niseme, "Mwanangu, fanyeni kama anavyosema daktari." Lakini yeye alinitangulia.

"Tukipata hivi, Daktari, tumeiahidi serikali jambo lisilowezekana. Na wale wanawake wana haya, hawatakwambia haiwezekani. Watakaa nyumbani wajaze tarakimu za kubuni ili wasikuudhi. Utachungua nini hapo?"

"Ni dawati lako linalokunjwa," daktari akasema. Hakusema kwa ubaya. "Mie tukikosa ntaendelea kusomesha. Wewe je?"

"Ndiyo maana mie ndiye wa kusema. Sipeleki hili."

Niliyafumba macho kidogo. Nilikuwa naogopa, na hapo hapo kifua kimejaa mpaka shanga za shingoni zilitaka kukatika. Nikainuka nikenda jikoni nikapika chai ya maziwa yenye hiliki, maana mwanamke wa umri wangu asijue la kufanya atapika chai.

Niliporudi, kalenda ya ukutani ilikuwa mezani. Ile ya msikiti, yenye tarehe za mwezi wa Kiislamu ndani ya tarehe za kizungu. Tukakaa watatu. Mie nataja bamvua lilipo, mjukuu anatia alama kwa kalamu nyekundu, daktari anahesabu. Wakapanga wanawake wapime siku tatu katika kila bamvua, pale wanapokuwa shambani hata hivyo. Lakini daktari akawa na wasiwasi wa zile siku za maji mafu, joto lake litajulikanaje na hakuna mtu? Akapiga meza. Alikumbuka kuna vipimajoto vidogo, kila kimoja kama kifungo cha koti, unakifunga kwenye kigingi kinakaa chini ya maji kinaandika chenyewe. Hakuwa amevifikiria kabla, kwa sababu Jumatatu zake zilikuwa zimemtosha. Macho yake yakawaka. Tangu hapo nilimpenda yule kijana. Mtu kuchekwa na vikongwe wawili kwa mpigo, kisha akakaa akafikiri badala ya kununa, huyo ana elimu ya kweli.

Jumapili akarudi, na mie nikakaa tena mkekani, safari hii bila ungo. Tukampigia shoga, akatafuta wenzake, wakazungumza wenyewe kwa wenyewe huko kwa makelele, kisha akarudi kwenye simu. Wamekubali, lakini wana sharti.

"Walikuja wengine kabla yenu," akasema. "Wakapima, wakatupiga picha, wakatwambia ahsanteni mama zetu, wakenda zao. Majibu mpaka leo hatujayaona. Nyinyi majibu yarudi huku kwanza, mtusomee, ndipo mkayasome kwengine."

Mjukuu wangu akayaandika yale maneno kama yalivyo, akayaweka ndani ya andiko.

Ukabaki ukurasa mmoja. Mfuko ule unataka ukurasa wa lugha nyepesi, ambao mtu yeyote atausoma aelewe. Huo ndio ulionipa cheo. Walikuwa wakiandika, wakinisomea, mie nikisema nimefahamu au sijafahamu. Pale walipoandika "kudhoofika kwa mfumo ikolojia wa pwani" nikawasimamisha.

"Semeni mwani unakufa."

"Bibi, hii inakwenda serikalini."

"Serikali haijui neno kufa?"

Wakatazamana. Wakaandika mwani unakufa.

Jumanne sikuwepo, nasimulia nilivyosimuliwa. Kila kitu kilikuwa tayari asubuhi, imebaki saini ya mkuu, na mkuu hayupo. Alifiwa na shemeji yake, amekwenda kuzika Nungwi. Mjukuu wangu akakodi gari, akamfuata. Alimkuta wanatoka makaburini, akasimama pembeni na mtandio wake, akampa pole kwanza, akakaa chini na wanawake, dua ikasomwa, wala hakutoa karatasi mpaka mkuu mwenyewe alipomwita: "Nini?" Akamwonesha. Mkuu akasoma ukurasa ule wa lugha nyepesi, amesimama, akatia saini juu ya boneti ya gari. Njiani kurudi mjukuu akapiga picha ile saini, akaipandisha kwa simu, mtandao unakuja unakwenda, na ilipofika saa tisa na nusu andiko likapokewa.

Kisha ukaja ule muda wa kungoja, ambao sina cha kuusimulia. Alikwenda kazini, akarudi. Alisaidia maandiko mengine ya mwaka wa mbele, ingawa hakuwa na hakika kama mwaka wa mbele atakuwepo. Daktari alikuwa akipita mara moja moja kusalimia, haulizi, na sisi hatumuulizi. Zikabaki wiki chache mwaka kwisha. Mkuu akamwambia aanze kupanga vitu vyake katika makasha.

Siku barua ilipofika alirudi nyumbani adhuhuri, saa ambayo harudi kamwe. Nilimsikia kwenye ngazi, anapanda kisha anasimama, anapanda kisha anasimama. Nikasema moyoni, basi, masjala hiyo. Akaingia akakaa sakafuni na mkoba wake begani.

"Wamekataa?"

Akatikisa kichwa. Akanipa simu. Nikatafuta miwani, nikaanza kusoma, kwa mwendo wangu wa darasa la nne, kidole kwenye kioo. "Tu-na-yo fu-ra-ha..."

"Bibi, soma upesi!"

"Ndiyo mwendo wangu. Kama una haraka ungeolewa na karani."

Akacheka na kulia kwa pamoja, na mie nikaendelea kusoma, sikuruka hata nukta. Hawakutoa kila walichoombwa. Baadhi ya vyombo vya maabara walivikata. Msomaji mmoja aliandika kwamba ana shaka kama wanawake watastahimili mwaka mzima. Huyo hajawahi kumwona mwanamke wa Matemwe. Lakini wote walisema andiko limewashika kwa sababu siku za kazi zimefuata maji, na mwenye kuliandika anaonekana amekaa na watu anaowaandikia. Nililisoma hilo mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa sioni herufi.

Mkuu alimwita siku ya pili yake. Maneno yake yote yalikuwa haya: "Yarudishe makasha stoo. Dawati linabaki." "Na wewe ukae," akaongeza, akiwa ameshashika simu kuzungumza na mtu mwengine.

Mie nilitia udhu nikasali rakaa mbili, na nikakaa mkekani muda mrefu kwa sababu watu wa kuwashukuru mbele ya Mungu walikuwa wengi. Nilimtaja daktari. Nilimtaja mkuu na ukali wake, na yule asiyejulikana jina kule Bara aliyesoma maneno yetu bila kujua ni yetu akayaona yana thamani. Nilimtaja mtoto, na nikaomba nisamehewe kwa kumweka mbali na bahari iliyomlea. Jirani akagonga mlango katikati. Sikumfungulia mpaka nilipomaliza.

Kisha nikampigia shoga yangu, nikamwambia: serikali imekubali, andiko limepita, mtapima.

Nilitegemea vigelegele. Akauliza, "Lini?"

"Daktari anasema ataanza mara vyombo vikifika."

"Mara vikifika ndiyo lini? Mwezi unaandama Alkhamisi. Sisi Ijumaa ni siku ya sala, hatumo, Jumamosi tumo shambani kuanzia saa nne. Akija atatukuta, asipokuja angoje mwezi upevuke. Mwambie sisi hatumsubiri, tuna mwani unaokufa."

Nikamwita mjukuu wangu, nikamwambia andika hiyo, mpelekee daktari kama ilivyo. Akaandika.